Chepe "la Mjerumani" gulioni

"Kaka, hili la jeshi, la Mjerumani hili." Ukizunguka magulio ya Ngara na Biharamulo ukitafuta chepe fupi, usishangae kuambiwa hivyo, na maneno hayo tu yanatosha kupandisha bei ya chuma kuukuu.

Historia ya huku inambeba muuzaji. Boma la Wajerumani lingali limesimama Biharamulo, Wabelgiji waliutwaa mji huo Juni 1916, na vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 hadi 1979 viliugusa mkoa huu wa Kagera. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba jeshi lilipita hapa, hujadanganywa. Shaka iko kwenye chuma chenyewe.

Chukua lile chepe la kukunja, maana ndilo linalosifiwa kuliko yote. Askari wa Kijerumani wa vita vya kwanza alibeba chepe fupi lisilokunjika. La kukunja lilianza kutumika katika jeshi lao mwaka 1938, miaka 22 baada ya kuondoka Biharamulo. Wamarekani waliiga umbo hilo wakatoa lao mwaka 1943. Basi ukiambiwa chepe la kukunja liliachwa bomani na Mjerumani, mwulize muuzaji aliyerudi kulileta ni nani.

Kwa mengine, tazama chapa. Chepe la jeshi la Uingereza hugongwa alama ya mshale mpana, mara nyingi pamoja na mwaka na jina la kiwanda. La Marekani lina herufi US, jina la mtengenezaji na mwaka. La Kirusi, linaloitwa MPL-50, lina urefu wa sentimita 50. Asili yake ni ofisa wa Denmark, Mads Linnemann, aliyelibuni mwaka 1869. Nenda na futi kamba. La zamani laweza kupungua ncha kwa kunolewa, lakini likizidi 50 kwa vidole viwili, jua si lenyewe.

Chapa nayo inaigwa, kwa hiyo usiishie hapo. Pitisha ukucha: chapa halisi imezama kwenye chuma na kutu imeingia ndani yake, wakati ya kuiga mara nyingi ina kingo kali, au imechorwa juu ya rangi. Mpini wa kweli umelainika pale mkono unaposhika tu. Uliozeeshwa kwa sandipepa umelainika kote sawasawa. Na ukiona matone ya kuchomelea kwenye shingo ya chepe, hiyo huenda ni kazi ya juzi, hata kama ilikuwa ya kukarabati tu.

Sasa hesabu, maana wengi wetu tunataka mashimo ya migomba, si makumbusho. Tuseme chepe bovu la bati jembamba ni shilingi 8,000 na linapinda msimu wa kwanza. Tuseme zuri la dukani ni 18,000 na linakaa misimu minne: hapo kila msimu umelipa 4,500. La "jeshi" hata likiwa halisi lina mpini mfupi. Lilitengenezwa kwa askari anayechimba handaki akiwa amelala au amepiga magoti. Shimo la mgomba ukilichimba nalo, mgongo ndio utakaolipa. Chaguo la tatu ni mhunzi anayefua springi za lori. Ukanda huu ulikuwa na Warongo waliokuwa wakiyeyusha chuma wenyewe, na mimi sioni aibu kumpa mhunzi wa leo pesa yangu. Ila mwambie akuonyeshe: piga tupa ukingoni. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikila kirahisi kama mti, ni laini, kitapinda.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bei. Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Muuzaji akitaka kukuongezea koti au kofia ya kombati kama nyongeza, mwachie mwenyewe. Na chuma cha ajabu kilichofukuliwa shambani usikigonge wala usikinunue. Kinaweza kuwa bomu: kiache palepale, kawaambie polisi.

Kwa mkulima, nunua la dukani lenye shingo nene au la mhunzi. La jeshi mwachie mkusanyaji, naye alipe tu baada ya kuona chapa.