Kulala Lojingi Nairobi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kupanda Basi



Wanachama wetu wa mashamba ya miwa na chai, pamoja na wale wa viwanda vya Jinja, huvuka mpaka mara kwa mara kwenda Nairobi. Wengine hutumwa na tawi kwenye semina, wengine hupeleka mgonjwa hospitali, na vijana wengi hupitia huko wakitafuta kazi nchi za Waarabu. Wote hao lazima walale mahali. Hoteli za watalii si za mfuko wetu, kwa hiyo hapa tunaeleza juu ya zile nyumba za bei ndogo za River Road, Accra Road, Latema Road na vichochoro vya jirani.

Kwanza maneno yenyewe. Huko Kenya ukiuliza "hoteli" unaweza kuonyeshwa mahali pa chai na chapati. Pa kulala ni lojingi. Chumba chenye choo na bafu ndani kina bei yake, na chumba cha kutumia choo cha ukumbini kina bei nyingine. Sema mapema unataka kipi, kwa maana karani wa mapokezi akikuona mgeni atakupeleka kwenye kile cha bei ya juu.

Mpakani, iwe Busia au Malaba, raia wa Uganda anaweza kupita kwa kitambulisho cha taifa tangu mapatano ya mwaka 2014. Anayekwenda mbali zaidi ya hapo atahitaji pasipoti. Tena, usibebe vitu vyako katika kaveera. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake si ndogo. Mfuko wa kitambaa au kikapu ndio unaofaa.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo posho ya safari inapoliwa, na posho hiyo ni michango ya wanachama. Kutoka Kampala mpaka Nairobi ni kilomita 650 hivi, na basi hutumia saa kumi na mbili au zaidi. Basi lililoondoka jioni hufika alfajiri au asubuhi, mtu amechoka, naye hutaka kulala papo hapo. Lakini lojingi nyingi huhesabu siku mpaka saa nne asubuhi. Ukiingia saa kumi alfajiri, saa nne ikifika siku yako imekwisha, nawe umepata usingizi wa saa sita tu kwa bei ya usiku mzima. Ndiyo sababu tunawaambia wajumbe wetu wakae katika ofisi ya basi mpaka kukuche, wanywe chai, kisha ndipo watafute chumba. Hata ukiamua kuingia mapema, uliza kabla ya kutoa pesa: "Nikiingia sasa, natoka siku gani na saa ngapi?" Jibu hilo liandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya chumba. Lipa mapokezi tu, usimlipe mtu aliyekufuata kutoka stendi. Mtu huyo mara nyingi hupewa kitu na mwenye nyumba, na kitu hicho huongezwa juu ya bei yako. Mweka hazina wa tawi naye hatakubali maneno bila karatasi.

Usilipe kabla ya kuona chumba. Funga mlango kwa ndani ujue kama kitasa kinashika. Fungua bomba. Inua godoro utazame mishono yake na mbao za kitanda: ukiona madoadoa meusi kama ya wino, hayo ni mavi ya kunguni, omba chumba kingine. Kunguni haambukizi malaria wala ugonjwa mwingine unaojulikana, lakini hukunyima usingizi, tena huingia katika begi na kurudi nawe hadi kambini, na kambi yetu ya vyumba vilivyobanana ikishaingiwa na kunguni kazi inakuwa kubwa. Begi litundikwe, lisiwekwe kitandani wala chini. Ukifika nyumbani chemsha nguo zote, joto huwaua.

Katika bafu nyingi za huko maji hupashwa moto na shawa ya umeme iliyo juu ya kichwa. Vaa kandambili za mpira na usishike chuma chochote wakati maji yanatoka. Kama swichi inatoa cheche, oga maji baridi.

Jambo la jiko tunalisema kwa uzito. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa saba baridi yake humshangaza mtu wa Jinja. Wako watu wanaoingiza sigiri ya makaa chumbani, wakafunga dirisha na kulala. Makaa yanapoungua hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayeivuta husikia kichwa kizito na usingizi, na akiisha kulala haamki. Familia nzima zimekufa hivyo. Omba blanketi la pili, ukinyimwa lala na koti. Na kabla ya kulala jua ngazi iko wapi, maana nyumba nyingi za mtaa ule zina madirisha ya nondo na ngazi moja tu.

Wanaofagia vyumba hivyo na kulinda mlango usiku ni wafanyakazi wenzetu. Kenya kuna chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, ila katika lojingi ndogo wengi tuliozungumza nao hawakuwa na kadi ya chama chochote. Kitu kikipotea wao ndio wa kwanza kukatwa mshahara. Basi usiache pesa chini ya mto halafu ukamlilia msichana wa watu.

Wazee wetu wa Nairobi walijua taabu ya kulala mjini kuliko sisi. Wakati wa ukoloni Mwafrika alibeba kipande, na mahali alipotengewa ni kama Pumwani. Harry Thuku, karani wa simu aliyepinga kipande na kupunguzwa kwa mishahara, alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai afunguliwe wakapigwa risasi karibu na Hoteli ya Norfolk. Barabara ya mbele ya hoteli hiyo leo inaitwa Harry Thuku.

Tumeliacha la vijana kwa kuwa ni refu. Wakala huwachukua wasichana sita au saba, huwaweka lojingi moja, huchukua pasipoti zao "kwa ajili ya viza", kisha huwaambia wangoje. Wiki hupita. Kila usiku wa chumba na kila sahani ya ugali huandikwa kuwa deni lao, na siku wakitaka kurudi nyumbani huambiwa walipe kwanza. Mwaka 2016 Uganda ilipozuia kwa muda kupeleka watumishi wa nyumbani ng'ambo, njia hii ya Nairobi ilizidi kutumika.

Jueni hivi. Karani wa lojingi ana ruhusa kutazama kitambulisho na kuandika namba katika daftari, kisha anakurudishia. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, si rehani ya mwenye lojingi wala ya wakala. Wakala wa kweli wa Uganda ana leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na wa Kenya huandikishwa na mamlaka ya ajira ya taifa. Ulizeni leseni hiyo mkiwa bado nyumbani, na mlete nakala ofisini tuichunguze. Kumshikilia mtu kwa deni namna hiyo kunaweza kuwa kosa chini ya sheria ya Uganda ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya biashara ya binadamu. Namba ya polisi huko ni 999 au 112, na ubalozi wa Uganda uko Nairobi.

Kabla ya kuondoka, mwachie katibu wa tawi jina la wakala na namba ya pasipoti. Ukishapata chumba, piga simu siku hiyo hiyo useme jina la lojingi, mtaa na namba ya mlango. Katibu ataandika katika daftari la safari, na zikipita siku mbili bila habari zako ndiye atakayeanza kupiga simu.