Shoka Lenye Laana: Silaha ya Dungeons & Dragons Inayokupa Nguvu Kisha Inakugeuza Uchinje Mbogi Yako

Chukulia hivi. Wewe na wasee wako watatu mmemaliza kusafisha pango lililojaa majitu. Kwenye kona kuna kasha, na ndani ya kasha kuna shoka linang'aa kama rimu mpya. Mchawi wenu analikagua kwa uchawi wa kutambua vitu, anarudi na habari tamu: ni silaha ya kichawi, inaongeza 1 kwa shabaha na kwa uzito wa pigo, halafu inamwongezea mwenyewe uhai. Unalidai. Nani asingelidai?

Basi ushaingizwa box.

Hilo linaitwa Berserker Axe, na ni moja ya silaha zenye laana zinazojulikana zaidi kwenye mchezo wa Dungeons & Dragons. Kama D&D umeisikia tu kwa mbali, rada ni hii: ilitoka Marekani mwaka wa 1974, wabunifu wakiwa Gary Gygax na Dave Arneson. Msee mmoja, anaitwa Dungeon Master au DM tu, anasimulia dunia na hatari zake. Wengine kila mmoja anacheza mhusika wake, na mambo magumu yanaamuliwa na dadu, hasa ile ya pande 20. Hakuna bingwa wala kombe. Mhusika mmoja unaweza kumcheza mwaka mzima, ukamzoea kama jirani wa ploti, na ndiyo maana akiuawa watu huumia ukweli.

Sasa turudi kwa shoka. Ili likupe nguvu zake lazima kwanza ujifunge nalo, yaani ukae nalo karibu saa moja ukilizoea. Ukishajifunga, unapata pointi 1 ya uhai kwa kila levo uliyo nayo. Levo ya 5, pointi 5. Levo ya 10, pointi 10. Kwa mpiganaji wa mbele anayekula vichapo vya kila mtu, hiyo si kitu ya kucheka. Na laana nayo haijisemi. Kitabu cha sheria cha 2014 kinasema wazi kwamba njia nyingi za kutambua vitu, hata ule uchawi wa mchawi wenu, hazionyeshi laana. Ni kama mkopo wa simu: doo inaingia kwanza, mengine utayasoma baadaye.

Dalili ya kwanza ni ndogo. Hutaki kuliacha. DM anakuambia umepata upanga mkali kuliko shoka, na mhusika wako hataki hata kuuangalia. Ukilazimisha kupigana na silaha nyingine adui akiwa karibu, unarusha dadu mbili na kuchukua ile ya chini. Wasee wa Nairobi washasikia stori za mwizi aliyeiba TV, mganga akafanya yake, na mzigo ukakataa kutoka mgongoni. Shoka ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba hapa mwenye mzigo anasema yuko sawa kabisa.

Kisha vita vinaanza, adui anakujeruhi, na DM anakuambia urushe dadu ya hekima. Unahitaji 15. Kama hekima ya mhusika wako ni ya kawaida tu, haikuongezei chochote, nafasi yako ni nyuso 6 kati ya 20. Yaani mara saba kati ya kumi unafeli. Na wapiganaji wa shoka, tuseme tu ukweli, hawajulikani kwa hekima.

Ukifeli, unapandwa na wazimu. Kuanzia hapo kila zamu lazima umshambulie kiumbe aliye karibu zaidi nawe. Soma tena: kiumbe, si adui. Wakiwa wawili karibu sawa, dadu inachagua. Na wazimu hauishi adui akianguka. Unaisha pale tu zamu yako inapoanza na hakuna kiumbe yeyote unayemwona au kumsikia ndani ya futi 60, kama mita 18, karibu urefu wa matatu nne za abiria 14 zikiwa kwa foleni.

Wacha tupige hesabu ndiyo uone uzito. Mpiganaji wa levo ya 5 anapiga mara mbili kwa zamu, na wazimu haumnyimi pigo la pili. Akiwa na nguvu ya kuongeza 4 na shoka kubwa la mikono miwili, kila pigo likishika ni wastani wa 11 na nusu, kwa hiyo mawili ni 23. Mchawi wa levo hiyo hiyo anaweza kuwa na pointi kama 27 za uhai. Dadu zikimpenda mpiganaji, mapigo mawili yanafika 34. Mchawi yuko chini, na adui hajamgusa.

Mbogi ikishajua shida, kuna ujanja. Kaeni mbali na mwenye shoka, adui abaki ndiye wa karibu, na hapo yule kichaa anakuwa silaha yenu. Vita vikiisha, tawanyikeni mbio! Kuna mbogi zimegeuza shoka hili kuwa mbinu, na kwa maoni yangu hapo ndipo mchezo unanoga zaidi.

Idea yenyewe si ya juzi. Jina berserker linatoka kwa wapiganaji wa Skandinavia ya kale waliosemekana kupigana wakiwa wamepagawa. Masimulizi ya huko yana upanga unaoitwa Tyrfing: mfalme aliwalazimisha vibete wawili wamfulie, wakaufua vizuri na wakaulaani vizuri. Kila ukichomolewa lazima uue mtu. Mfalme mwenyewe aliuawa nao. Mwaka wa 1961 mwandishi Mwingereza Michael Moorcock akaleta Stormbringer, upanga mweusi unaokula roho na kumpa nguvu mwenyewe, Elric, ambaye bila huo ni mgonjwa tu. Ukiwafuata hawa wote unaona kitu kimoja: silaha ni nzuri ukweli. Mtu anaishika kwa sababu inafanya kazi.

Linganisha na upanga wa laana wa vitabu vya D&D vya 1979. Ulikuwa unafanya vizuri mazoezini, lakini mbele ya adui wa kweli unakutoa 2. Basi. Hakuna anayetaka kubaki nao, kwa hiyo hakuna vuta nikuvute, ni hasira tu kwa DM. Kama unataka kutengeneza silaha yako ya laana, anzia hapo: utamu uwe mkubwa kiasi kwamba hata siri ikitoka, mwenyewe aombe wiki moja zaidi. Weka pia dalili kwa wanaochunguza, labda mifupa ya watu waliokatana wenyewe kwa wenyewe kando ya lile kasha.

Na kabla ya yote, uliza mbogi. Kuna wasee watacheka wakikatwa na best yao. Kuna wengine wataenda home kimya na group ya WhatsApp itapoa. Huhitaji kutaja shoka, uliza tu kama wako sawa na wahusika kuumizana. Wakikataa, tafuta laana nyingine.

Mlango wa kutoka upo. Kuna uchawi wa kuondoa laana ambao kasisi wa D&D anaupata akifika levo ya 5. Mkiwa chini ya hapo, mtafute hekalu na mtegemee huruma. Lakini sikiza vizuri: uchawi huo unakata tu kamba kati yako na shoka. Laana yenyewe inabaki ndani ya chuma. Mbogi nyingi basi hulitupa kwenye mto wa kwanza na kuendelea na safari, na DM mjanja huandika jina la huo mto kando ya daftari lake.