Tumtambue Mdudu Mwekundu wa Unga

Tukifungua gunia la mahindi au debe la unga, mara nyingi tunakuta wadudu wadogo wekundu wanakimbia huku na huko. Tunasema, "Fukusi hao!" Kumbe siyo fukusi. Mkulima asiyemjua mwizi wake atamkamata mwingine, na mwizi ataendelea kula.

Katika ghala zetu wako wadudu watatu tunaowachanganya. Wote wana miguu 6 na mabawa ya juu magumu kama gamba. Wote ni wadogo, kama milimita 3 hadi 4, yaani nusu ya punje ya mchele. Hebu tuwaweke wachache juu ya karatasi nyeupe, penye mwanga, tuwatazame mmoja mmoja.

Wa kwanza ni fukusi. Ana pua ndefu kama mkonga wa tembo. Mgongoni ana mabaka 4 yaliyofifia. Jike hutoboa punje nzima na kutaga yai ndani. Mtoto hukua humo humo, na akitoka anaacha tundu la mviringo.

Wa pili ni dumuzi. Wengine humwita Scania, kama yale malori makubwa. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hapa Tanzania alionekana mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwili wake ni kama kipande cha gogo, na nyuma ni kama amekatwa kwa msumeno. Ukimtazama kutoka juu huoni kichwa, maana kimeinama chini. Anatoboa mahindi hata yakiwa kwenye magunzi, tena anaacha vumbi jingi kama unga.

Wa tatu ndiye huyu mwekundu. Hana pua ndefu, na kichwa chake kinaonekana wazi. Mwili wake ni bapa. Vipapasio vyake kichwani ni kama shanga zilizotungwa, na shanga 3 za mwisho ni nene zaidi. Ukoo wake una aina zaidi ya 20,000 duniani. Wengi ni weusi, na hupenda kujificha gizani, chini ya mawe na magogo. Wataalamu huutambua ukoo huu kwa kioo cha kukuzia. Huhesabu viungo vya nyayo: miguu ya mbele na ya kati ina viungo 5 kila mmoja, lakini ya nyuma ina 4 tu.

Sasa, kwa nini tujisumbue? Kwa sababu si rahisi mdudu mwekundu kutoboa punje nzima iliyo kavu. Chakula chake ni unga, vumbi na punje zilizovunjika. Basi tukimkuta katika mahindi, anatupa habari. Ama mahindi yamevunjika, ama mwenzake ameyatoboa kabla yake. Tumtafute huyo mwenzake!

Tukimkuta dumuzi tusingoje. Tupukuchue mahindi mara moja, na tumwone bwana shamba atuonyeshe dawa ya nafaka na kipimo chake. Tusitumie kamwe dawa ya pamba. Hiyo ni sumu, siyo ya kuweka kwenye chakula.

Kwa wadudu wote watatu, tukaushe mahindi vizuri na kupepeta vumbi. Tufagie ghala na kuchoma takataka. Tusichanganye mahindi mapya na ya zamani. Unga tusage kidogo kidogo, kwa maana chekecheo huondoa wadudu wakubwa, lakini mayai ni madogo mno, nayo hubaki katika unga. Wadudu wekundu wakizidi, unga wote hunuka.

Basi kabla ya kutoa fedha ya dawa, tujiulize: Huyu ana pua? Kichwa chake kinaonekana? Kuna vumbi jingi? Maswali haya matatu yanaweza kuokoa chakula cha mwaka mzima.