Je, Wajua? Roboti Watatu, Kalibu Moja

Starscream, Thundercracker na Skywarp, roboti wa Transformers wa mwaka 1984, ni mwanasesere mmoja! Wote hugeuka kuwa ndege ya kivita F-15. Tofauti kubwa ni rangi: kijivu, buluu, nyeusi kwa zambarau.

Sababu? Kuchonga kalibu ya chuma ni ghali mno. Kubadili rangi ya plastiki ni nafuu.

Ultra Magnus, roboti mwingine wa Transformers, ndiye anayenivutia zaidi. Mvue deraya: ndani yumo roboti wa kalibu ile ile ya mwenzake Optimus Prime, ila mweupe pepepe.

Ila jihadhari na wanasesere wa rangi ya dhahabu. Plastiki ya zamani iliyochanganywa na chembe za rangi ya dhahabu zinazometa hudhoofika yenyewe, hata ikikaa kwenye boksi bila kuguswa. Mgeuze roboti wa plastiki hiyo leo, na mkono unaweza kukatika kama biskuti.