Mashahidi wa Sultani wa Kilwa

Haya, sogeeni. Leo tunakwenda Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, kumtafuta sultani aliyetawala karibu miaka 700 iliyopita. Kitabu cha darasani kitawaambia kwa sentensi moja tu kwamba Kilwa ilitajirika kwa biashara ya dhahabu. Sawa. Lakini nani kasema? Tufanye kama wazee wa baraza: tuite mashahidi, tumsikilize kila mmoja, kisha tumhoji.

Wa kwanza ni msafiri, Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier huko Moroko. Alifika Kilwa mwaka 1331. Anausifu mji kwa uzuri wake, anasema majengo yake ni ya mbao na yameezekwa kwa nyasi. Sultani aliitwa Hasan, na kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi.

Sikieni kisa chake. Ijumaa moja sultani alikuwa akirudi nyumbani baada ya sala. Fakiri kutoka Yemeni akamzuia njiani, akamwomba nguo alizovaa. Zile zile za mwilini! Sultani akakubali, akarudi akavua, akavaa nyingine, akampa. Fakiri akazifunga, akajitwika, akaenda zake. Watu wakasifu sana. Mwana wa sultani akazikomboa nguo za babake kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu, akamwongezea watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa kitamu, lakini tumhoji msimulizi. Ukifika Kilwa leo utaona magofu ya Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe lililojengwa juu ya genge la bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Msikiti Mkuu nao ni wa mawe. Sasa hizo mbao zimetoka wapi? Msikimbilie kusema mzee kadanganya. Kitabu chake kiliandikwa zaidi ya miaka 20 baada ya safari, yeye akisimulia na mwandishi, Ibn Juzayy, akiandika. Kumbukumbu huchanganya miji. Tena huenda aliona tusichoweza kuona sisi: nyumba za miti na udongo hubomoka, mchwa hula, mvua humaliza, na mawe ya wakubwa ndiyo yanayobaki. Mimi nadhani kila shahidi hapa ameona upande wake wa mji.

Shahidi wa pili ni mdogo, anaenea kiganjani: sarafu ya shaba. Upande mmoja ina jina la al-Hasan bin Sulayman, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina kama shairi. Haina tarehe, lakini jina linaafikiana na lile alilolitaja msafiri. Na sikieni hili: sarafu moja ya sultani huyo ilipatikana Great Zimbabwe, mbali sana na bahari, kwenye nchi iliyokuwa ikitoa dhahabu. Sarafu moja haithibitishi utajiri, ila inaonyesha njia.

Wa tatu ni historia iliyoandikwa na watu wa Kilwa wenyewe. Tunayo kwa Kiarabu, na pia kwa Kireno katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, miaka 47 baada ya Wareno kuuvamia mji. Inasema sultani wa kwanza alitoka Shirazi, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Hapo ulizeni: hadithi hii ilimfaa nani? Iliwafaa wazao wa mnunuzi, waliotaka kila mtu ajue kwamba kisiwa ni chao kwa halali.

Sasa rudini kwa fakiri na mhesabu zawadi zake. Watu 20 walitolewa siku ile, wametajwa pamoja na nguo na pembe. Msafiri alitaka tuusifu ukarimu. Bila kukusudia akatuonyesha kwamba Kilwa watu waligawiwa kama mali. Hakuandika majina yao wala walikotoka. Mwalimu akiwapa ukurasa huo darasani, swali la kwanza liwe juu ya hao 20, na la sultani lifuate.