Dakika Moja ya Injinia

Ndugu mfanyakazi, katika karakana za kukereza vyuma mjini Kigali, ziwe za Gatsata au za eneo la viwanda la Masoro, kazi huanza kabla mashine haijawashwa. Injinia wa uzalishaji ameshaamua chuma kibanwe vipi, kikatwe kwa kisu gani, na kila kipande kipewe dakika ngapi. Hata meno ya rola zinazosaga majani ya chai yalikatwa kwa hesabu ya namna hiyo.

Hesabu yenyewe si uchawi. Chukua shafti ya chuma laini yenye kipenyo cha milimita 50. Kisu cha kawaida cha haispidi hukata vizuri mita 25 hivi kwa dakika, yaani mashine izunguke kama mara 160. Kisu kikisogea milimita 0.2 kila mzunguko, shafti ya milimita 300 itachukua dakika 9 na kitu.

Sasa, mwaka 2023 wiki ya kazi nchini Rwanda ilipunguzwa kutoka saa 45 hadi 40. Ni ushindi. Lakini tajiri akitaka vipande vilevile, kila dakika 9 lazima ziwe 8. Dakika hiyo moja itatoka wapi?

Injinia mvivu huongeza mwendo wa mashine. Kisu kinaungua, na chembe za chuma zenye moto zinaruka usoni mwa mkerezaji, si mwa injinia. Injinia hodari huitafuta nje ya kisu: kibanio kinachofunga haraka, vifaa karibu na mkono, visu vilivyonolewa mapema. Na humwuliza mkerezaji, maana ndiye ajuaye dakika zinapotelea wapi.

Ugomvi huu ni wa zamani. Huko Marekani, Frederick Taylor, aliyechunguza sana ukataji wa vyuma, ndiye aliyeeneza upimaji wa kazi kwa saa ya sekunde. Mwaka 1911 wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali cha Watertown waligoma kwa sababu ya saa hiyo, na mwaka 1915 Bunge likakataza fedha za serikali kulipia upimaji huo katika viwanda vya jeshi.

Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inatambua wajumbe waliochaguliwa na wafanyakazi. Basi mjumbe wako aombe karatasi ya injinia, asome safu mbili: mwendo wa mashine, na muda wa kubana na kubandua. Kama ni ya kwanza tu iliyobadilika, kikao kiitishwe.