Rekebisha Kipimo Kabla ya Kupima Asali



Tabora ni mahali pa biashara tangu zamani. Misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa. Asali na nta za misitu yetu nazo zimeuzwa kwa miaka mingi. Leo, kabla ya kununua asali ya Sikonge, Urambo au Uyui, mnunuzi hutaka kujua: ina maji kiasi gani?

Kwa nini tupime maji?

Kila asali ina maji kidogo. Maji yakizidi, asali huchacha. Hutoa povu na kunuka pombe. Kanuni za chakula za kimataifa zinataka maji yasizidi sehemu 20 katika kila sehemu 100 za asali. Ndoo moja mbaya ikimiminwa ndani ya pipa, inaweza kuharibu pipa zima.

Kipimo chenyewe

Kipimo hiki huitwa rifraktomita. Ni bomba fupi. Upande mmoja una kioo chenye kifuniko. Upande wa pili una tundu la kuchungulia. Mwanga hupinda unapopita katika asali. Asali nzito huupinda zaidi kuliko asali yenye maji mengi. Ukichungulia utaona sehemu ya buluu na sehemu nyeupe. Mahali zinapokutana pana mstari. Mstari huo unaonyesha namba.

Namna ya kukirekebisha

Unaijua mizani ya tumbaku. Kabla ya kupima, mshale husimama kwenye sifuri. Rifraktomita nayo hurekebishwa kwanza. Wanaopima chumvi ya maji ya bahari hutumia maji safi, na mstari husimama kwenye sifuri. Kipimo cha asali hakina sifuri. Kwa hiyo tunatumia mafuta maalumu yenye namba inayojulikana. Fanya hivi:

1. Futa kioo kwa kitambaa laini chenye unyevu. Kikaushe. Mchanga usiguse kioo.
2. Tia matone mawili ya mafuta hayo. Funika. Pasiwe na mapovu.
3. Ngoja nusu dakika.
4. Elekeza kioo kwenye mwanga, kisha chungulia.
5. Mstari usipokuwa kwenye namba ya mafuta, zungusha skrubu ndogo kwa bisibisi mpaka ufike.
6. Futa mafuta yote. Sasa pima asali.

Angalia joto

Vipimo vingi vimetengenezwa kwa joto la digrii 20. Vingine hujirekebisha vyenyewe kwa joto. Kama chako hakijirekebishi, asali ya digrii 30 itaonekana kuwa na maji zaidi, karibu sehemu 1. Kwa hiyo pima kivulini. Usipime asali iliyokaa juani.

Faida yake kwako

Tuseme asali yako ina maji 19. Kipimo kibovu kinasema 21. Asali yako nzuri itakataliwa, na kazi yako yote imepotea. Kipimo hicho kikikosea upande wa pili, asali mbaya itapokelewa na kuharibu ya wenzako. Basi siku ya kuuza, mwombe mpimaji arekebishe kipimo mbele yenu nyote. Hilo si tusi. Kipimo cha haki humlinda muuzaji na mnunuzi.

Maswali

1. Asali yenye maji mengi hupatwa na nini?
2. Kwa nini haturekebishi kipimo cha asali kwa maji safi?
3. Kijijini kwenu, nani hupima asali? Je, hurekebisha kipimo kwanza?